Deni la Sigara Tisa

Tulilitoa kwenye upupu, Idwal na mimi,
kwa trekta la jirani na matusi ya jirani:
lori la Bedford la mwaka arobaini na tatu,
lililolala nyuma ya Llanidloes
hadi mti ukaota palipokaa injini.
Mti mzima. Juu yake, kiota.
Idwal akangoja makinda yaruke
ndipo ashike msumeno.
Wiki tano alingoja.
Mimi aliningoja dakika kumi mlangoni mwa kanisa,
na hadi leo ananisimanga.

Banda letu lilikuwa la kunyolea kondoo.
Mbao zake bado zinanuka mafuta ya sufu
chini ya harufu ya girisi.
Barua huja kutoka Leicester, kutoka Ghent:
fulani ana kioo cha taa, fulani ana pampu,
fulani amekufa na mjane anauza vyote.
Wazee hawa hujuana kwa namba za boliti
kama wengine wanavyojuana kwa koo.

Kisha msasa. Majira mawili ya baridi, msasa.
Juu kabisa nyekundu, ya wenye bembea na farasi wa mbao
waliolivuta kutoka tamasha hadi tamasha.
Chini yake buluu ya muuza makaa.
Chini yake kijani.
Na chini ya kijani, mchanga:
rangi ya jangwa lisilolifikia,
maana lilipakwa, likapangwa gatini Cardiff,
likangoja meli,
na vita vikahamia kwingine.

Ni mimi niliyeyaona, upande wa ndani wa mlango,
yamekwaruzwa kwa msumari,
kwa Kiwelisi chenye tahajia mbovu:
PRITCHARD ANADAIWA SIGARA TISA.

Idwal akachovya brashi.
Sheria yake ni moja, kila kitu kama kilivyotoka kiwandani.
Waamuzi wa maonyesho hupunguza alama
hata kwa skrubu yenye kichwa kisicho chake.
Nikasimama kati yake na mlango.
Nikamwambia: hapa ama upake, ama ule chakula cha jioni.

Alipaka pembeni,
akayazunguka maneno yale taratibu
kama mtu anayefagia pale alipolala mgeni.

Redio ilikuja baadaye, ndani ya blanketi,
simu ya upepo, kama alivyoiita baba yangu,
namba kumi na tisa,
kila swichi imeandikwa lugha mbili,
Kiingereza na Kirusi,
maana hawakujua bado nani atakayeigeuza.
Idwal alilehemu waya mmoja mmoja
akiwa amebana ulimi kwa meno.
Usiku wa Februari, taa za kioo zikashika,
hafifu kwanza, rangi ya chai ya rangi.

Masikio yake yaliishia machimboni, kwenye baruti.
Basi mimi ndiye huvaa visikilizi,
na yeye huweka kiganja juu ya kasha
kama anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba.
"Niambie."
"Mvua."
"Sauti kama ya mvua?"
"Hapana. Mtu wa Whitby anasema kwao kunanyesha."
Akatikisa kichwa, polepole,
kama aliyeletewa habari ya kutekwa kwa mji.

Maonyeshoni walitukata alama nne kwa ule mlango.
Idwal hakusema neno njia nzima.
Kesho yake akaenda dukani kwa miguu,
yeye aliyeacha tumbaku mwaka ule wa upasuaji,
akarudi, akafungua sanduku la spana la lori,
akapanga sigara tisa ndani ya kitambaa.
"Dawa ya deni," akasema, hakumalizia.

Kila masika, ninapopangusa vumbi, huzihesabu.
Mwaka huu zilikuwa nane.

Sikuuliza. Nilifunga sanduku,
nikaenda kufungua madirisha.