Matone Sitini

Bamvua la mwezi mwandamo, Msimbati.
Maji yamekupwa hadi mwamba umebaki uchi,
nami nimeinama na ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba,
glovu za mtafiti,
koleo la mama la kugeuzia mkaa.

Huyu tunamwita Msiokote.
Jina ndilo onyo; hakuna mzazi
aliyepata wasaa wa kutafuta jingine.
Ganda lake lina michoro ya wavu,
kahawia juu ya maziwa,
na mtoto akiliona hulitaka,
kama Chilumba, mdogo wake baba, alivyolitaka:
akalitia mfuko wa kaptula.
Hakulia. Hilo ndilo wanalolirudia hadi leo.
Alikaa mchangani akasema midomo imelala,
kisha miguu,
kisha kifua nacho kikalala.

Leo, miaka arobaini na moja baadaye,
Daktari Nampunju anawasha taa ya betri,
anasogeza samaki nyuma ya utando.
Mkonga unatoka polepole,
kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano.
Mchomo. Tone kwenye kichupa.
Kisha anamkera kwa kijiti, anamtisha:
mchomo wa pili, tone la pili.
"Si sumu ileile," ananiambia.
"Ile ya njaa. Hii ya hofu."
Na ya huyu wa kwetu si ya ndugu yake wa Sudi,
wala ya mchanga si ya mkongwe;
kila mmoja na chungu chake, na viungo vyake,
na hakuna anayepika mara mbili sawasawa.

Naandika vibandiko: M14 njaa. M14 hofu. S3 njaa.
Mwandiko wangu wa darasa la saba
unaingia kwenye barafu.

Ndani ya tone moja, anasema, huenda kipo kipande
kinachojua mlango mmoja tu wa neva,
ule wa maumivu, kikaufunga
na kuuacha moyo na shughuli zake.
Dawa moja imeshapatikana, kwa jamaa zake wa bahari nyingine.
Huingizwa kwenye uti wa mgongo.
Bei yake sikuuliza mara ya pili.

Nyumbani mama amelalia ubavu wa kushoto,
ule ambao saratani haijaufikia.
Vidonge vya Ligula huishiwa nguvu saa tisa usiku.
"Mmeipata?" anauliza, kama anayeulizia chumvi.
"Tumepata matone sitini."
"Na kati ya hayo sitini?"
"Bado. Miaka kumi, labda. Labda hamna."
Anacheka, anajishika mbavu.
"Kumbe shemeji Chilumba alikuwa wa kwanza kutibiwa,
ila walimzidishia dozi."

Kesho maji yatakupwa saa nne kasoro.
Koleo nimeliosha mara tatu.
Chai ya asubuhi
nitageuza mkaa kwa kijiti.