Nilidhani Karafuu

Nilimwambia Kazija: ni kiu tu.
Gari langu lina kiu, kama mtu aliyefunga na jua la Machomanne.
Kila asubuhi dumu la lita tano
na chini, kwenye mchanga wa uwanja wangu,
hapana hata tone.

"Basi maji yanakwenda wapi?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hakukimbilia spana.
Feni: ilizunguka.
Mpira wa juu, mpira wa chini: mikavu.
Pampu aliipapasa kwa chini, kidole kikatoka na vumbi.
Thamostati aliing'oa, akaitumbukiza katika sufuria,
akawasha jiko la makaa, tukachutama wawili
kama watu wanaongojea mayai.
Maji yalipotokota, kile kijicho cha shaba kikafumbuka
polepole, kizima, hakina kosa.
"Huyu si mwizi," akasema, akamwopoa kwa koleo.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.
Kila aliyeachiwa alinisogezea mimi hukumu.

Akavuta kijiti cha oili, akakielekeza juani.
Nyeusi. Haijageuka chai ya maziwa.
Nikashusha pumzi. Niliishusha mapema.

Plagi nne akazipanga juu ya gazeti:
kahawia, kahawia, nyeupe, kahawia.
Ile ya tatu safi kama sahani ya mgeni.
"Nani kaiosha hii?"
Sikujua kuwa usafi nao ni ushahidi.

Akazirudisha. "Piga stata."
Kifuniko cha rejeta wazi, injini bado baridi,
na mapovu yakaanza, moja, jingine, halafu mfululizo,
kama uji wa mtama unaotaka kufurika.
Moto ulikuwa ukipumua ndani ya maji.

"Baina ya bloku na hedi," akasema, "kuna gasketi,
nyembamba, kadi ya harusi nene kuiliko.
Huku moto, huku maji, huku mafuta.
Watatu hao wanakaa nyumba moja na hawajuani.
Siku wakijuana…"
Hakumaliza. Akajipangusa mikono
kwa kitambaa kilichowahi kuwa jezi.

"Na moshi wa asubuhi?"
"Mweupe. Lakini ni umande."
"Unanuka?"
"Unanukia. Utamu utamu. Ile ni karafuu, Kazija,
kwetu Kangagani majamvi yameanikwa njia nzima."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto
aliyesema uongo bila kujua.
"Msimu umekwisha, mwezi wa pili huu.
Majamvi yamekunjwa.
Moshi wako bado unanukia."

Ilikuwa kulenti yangu ya kijani,
dumu zima la fedha za mavuno,
ikiungua kidogo kidogo mbele ya nyumba
nami nimesimama barazani, nimeifumbia macho,
naivuta puani, nasema: Mola katuneemesha.

Likabaki swali moja. Aliliuliza akiwa ameinama,
asinione uso:
"Siku ya kwanza mshale ulipopanda, ulisimama?"

Gunia sita nyuma, mlima wa Ziwani mbele,
mizani ya kituo inafungwa saa kumi.
Mshale ukagusa wekundu. Nikazima redio,
kana kwamba redio ndiyo iliyochemka.
Nikasema: kidogo tu, tumefika.

"Sikusimama," nikamwambia.
"Nshajua," akasema. "Hedi imepinda. Tuifungue tuone."
Akaniandikia orodha nyuma ya risiti ya mchele,
bei ya chini ikiwa na alama ya kuuliza.

Jioni nilirudi nimepakiwa kwenye pikipiki ya Shaame.
Chini ya Ziwani nikamwomba anishushe.
Nikaupanda mlima ule kwa miguu
na katikati, pale pale, kifua kikaanza kugonga.
Nikasimama.
Shaame juu akapiga honi.
Nikamwinulia mkono: ngoja,
ngoja nipoe.