Ikonyeze Mara Moja

Bonyeza kitufe kilicho kushoto mwa usukani,
hesabu mpaka tatu, usikanyage moto.
Taa ya injini itakukonyeza.
Mara moja: barabara.
Mara mbili: uwanja.
Gethin aliyaandika haya kwa wino mweusi juu ya plasta
akaibandika chini ya redio,
kana kwamba mimi ndiye msahaulifu nyumbani kwetu.

Siku za kazi ni konyezo moja.
Kutoka Llangefni mpaka shule ninakopika,
maili ishirini kwa saa mbele ya kanisa,
maili ishirini mbele ya duka la mbolea,
na mzee Cledwyn na mbwa wake wanavuka wanapotaka.
Turbo imezibwa mdomo. Cheche inachelewa kidogo,
kama mgeni anayebisha hodi na kungoja aitikiwe.
Hata petroli ya bei ya chini ya Gaerwen
gari linakunywa na kushukuru.
Watoto wanajua ni la buluu, basi.

Lakini Jumamosi moja kila mwezi
tulishuka mpaka kwenye uwanja wa mbio ukingoni mwa jabali,
kule upepo wa baharini unakovua watu kofia,
tukamimina petroli ya madebe,
oktani mia na mbili, inanuka kama duka la rangi,
tukabadili matairi, magoti kwenye lami baridi.
Gethin akaikagua ramani yake kwenye kompyuta,
akaniinulia vidole viwili.

Ah, hapo!
Hapo sauti ilitoka tumboni, si kooni.
Mteremko unakuacha utumbo nyuma,
ukiondoa mguu ekzosi inafyatua, tra-ta-ta,
kondoo wa ng'ambo ya uzio hawainui hata vichwa.
Mimi, mpishi wa viazi vya kuponda,
nilimpita kwa ndani daktari wa meno wa Bangor
na sikumwomba radhi.

Siku moja nilisahau kurudisha.
Tulijaza ya kawaida, tukashika njia tukila chipsi,
na kwenye mwinuko nikasikia ka, ka, ka,
kama mtu anayetupia kokoto kwenye sufuria.
Gethin alikirukia kitufe, chipsi zikamwagika.
"Inatafuna meno yake yenyewe!"
Hakunisemesha mpaka Jumanne.

Mwezi wa pili moyo wake ukaanza kuruka mapigo,
jikoni, akikwangua ukoko wa viazi.
Wakamtia kidude chini ya mtulinga.
Binti mmoja, Non, akamwekea kisahani juu ya kovu,
akafungua kompyuta, akamsoma.
Mistari ile ile. Vilima vile vile.
Sitini chini, mia na ishirini juu.
"Huwezi kuniwekea mbili?" Gethin akauliza.
"Moja ya barabara, moja ya..."
Non akacheka. "Ukipanda ngazi kitahisi chenyewe,
kitaongeza chenyewe. Hakuna kitufe."
*Chenyewe!* alinung'unika kutwa,
yeye ambaye hata birika la kujizima hakuliamini.

Na asiinamie injini inayowaka, wakamwambia.
Urefu wa mkono, au zaidi.
Kwa hiyo sasa anakaa kwenye kiti cha kukunja,
blanketi mapajani, kompyuta juu ya blanketi,
ananifokea kwa mbali kama mwamuzi wa raga,
na boneti nafungua mimi, nakaza mimi,
namsomea mimi namba asizoweza kuzikaribia.
Ni mwalimu mbaya sana. Hana subira.

Jana jua lilikuwa limelala, lami imeanza kung'aa kwa umande.
Nilikwisha kurudisha matairi ya njiani.
Nikabonyeza, nikangoja.
Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wake kwa vidole viwili,
macho kwenye dashibodi, hapumui.
Sikumuuliza anahesabu kipi.

"Mara moja," akasema.

Tukapitia Gaerwen. Tukajaza ya bei ya chini.