Pilipili ya Szeged

Vilmos amelima pilipili nyekundu miaka arobaini;
leo uji wa semolina umempita kooni
kama changarawe.

Vikao thelathini na vitatu vya mionzi. Mate yamekauka,
chupa ya maji imekuwa kidole cha sita.
Sukari ina ladha ya msumari,
nyama haina ladha yoyote.

Etelka anasaga supu, anachuja, anasaga tena,
anajifanya hahesabu vijiko.
Kumi na kimoja. Jana tisa.

Mrija wa tumboni ulitolewa Machi.
Juni, jikoni, Vilmos alichovya ncha ya kidole
kwenye kopo la unga mwekundu,
akalamba.

Machozi.
"Inauma?"
"Inauma," akasema, akichovya tena,
"lakini naijua. Hii ni ya shamba la chini,
ya mwaka ule wa mvua."