Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Tangu Jumatatu niko ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Leo Alhamisi.
Nimeupigia mstari kwa wino wa bluu, kisha mwekundu,
kisha penseli, hadi mistari imeyazidi maneno,
na maneno yenyewe yananipita
kama wapita njia wasiodaiwa salamu.

Hapa Mbarara baridi huingilia miguuni.
Huanza sakafuni, hupanda soksi,
na mimi wa Arua, niliyelelewa na jua la kukaanga mabati,
huvaa sweta mbili nikalala saa kumi na mbili jioni.
Si usingizi.
Ni kujificha tu.

Kyomukama, mwenzangu wa chumbani, alihamia kwa dada yake.
Hatukugombana.
Alisema chumba kina hewa nzito,
akakunja godoro, akaniachia sufuria na msumari wa taulo.
Dirisha nimelifungua mara ngapi?
Hewa nzito ni mimi.

Darasani nakaa nyuma, karibu na mlango.
Wakicheka kwa Kinyankole nami nacheka,
nimechelewa kwa pumzi moja.
Bibi aliniita Candiru, jina la dhiki,
kwani mwaka ule walizika wawili kabla yangu.
Huku wananiita Kandi.
Wanadhani ni peremende.

Mama hupiga simu Jumapili.
Unakula? Nakula.
Unasoma? Nasoma.
Kisha tunasikilizana tukinyamaza, salio likiisha.
Risiti ya karo ndiyo alama ya kitabu changu:
mbuzi watatu wamelala ndani ya ukurasa huu
na kila nikifungua wananiinulia vichwa.
Sijui niwaambie nini.

Jana usiku, saa nane,
Bitariho mlinzi aligonga dirisha kwa tochi.
Kiswahili chake ni cha kambini, hakina tafadhali.
"Wewe binti! Taa yako haizimwi. Utakuwa mganga mkubwa."
"Sisomi, afande."
Sijui lilitokea wapi. Nilikuwa nimeandaa tabasamu,
likatoka hilo.
"Sisomi. Nakodolea tu. Tangu mwezi wa pili."

Nikangoja mawaidha.
Hakuwa nayo. Alikuwa ameshika shavu.
"Mimi pia silali," akasema. "Gego.
Nilipewa vidonge vya rangi mbili, nikameza siku mbili,
likatulia, nikaacha. Sasa limerudi na ndugu zake."

"Usiache katikati, afande," nikasema.
"Wale dhaifu hufa kwanza.
Ukiacha dozi wanabaki wagumu, nao ndio wanaozaana."
Sentensi tatu, nne, sauti imekwaruza
kama bawaba ya mlango wa stoo,
na katikati ya ile ya tano nikaisikia:
ilikuwa na wino wa bluu, kisha mwekundu.

"Ndiyo," akajibu, kijeshi,
akaenda kumulika geti la nyuma.

Sikupona. Nisiseme uongo.
Asubuhi mhadhara wa saa mbili ulinipita nikiwa chini ya blanketi.
Lakini saa nne nilichemsha maji kwa sufuria ya Kyomukama,
nikaosha nywele, zilizokuwa zinanuka wiki,
nikateremka hadi ubao wa matangazo
palipo na karatasi ya mshauri wa wanafunzi,
ile ya kukatwakatwa chini, namba yake kila kipande.
Vipande kumi na vitatu.
Kumi na viwili vimeshachanwa.

Nikasimama pale muda mrefu.
Nani hao?
Yupi kati yao hucheka darasani kwa wakati wake?

Nikachana cha mwisho.
Sijapiga bado. Kiko mfukoni, kimelowa jasho la kiganja.
Ila risiti nimeisogeza:
mia na kumi na tatu.
Una mchoro mkubwa, ashukuriwe Mungu,
na maneno machache.