Shangazi Hasomi Maandishi ya Chini

Ile ya mpelelezi nimeiacha sehemu ya tatu.
Mtu gani huyo, siku nne hajala, hajalala,
koti halijafuliwa,
na bado anakumbuka namba ya gari
aliloliona mara moja kwenye ukungu?
Mimi nikikosa chai ya asubuhi
nashona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Ya matajiri wa Dar, haya, nguo nzuri.
Kitambaa kile nakijua, kipo Makoroboi,
nusu ya bei wanayojidai nayo.
Lakini kila mlango unafunguliwa na mwenye siri,
na kila siri ni mtoto wa nje,
na hakuna hata mmoja anayekatikiwa umeme
siri ikiwa bado mdomoni.

Halafu ile filamu waliyoisifia sana, ya mwanamume na ziwa.
Dakika tatu nzima anatazama maji. Gitaa linalia.
Hapa Bugarika ukitazama ziwa dakika tatu
jirani wa jiwe la juu atakuuliza umeibiwa nini.
Nikasogeza mbele kwa kidole. Bado anatazama.
Bando langu la usiku liliishia mgongoni mwake.

Sijasema zote mbaya.
Ya Wakorea, yule binti wa duka la mikate:
mvua ikinyesha lazima mwavuli uwe mmoja, watu wawili.
Nimekubali. Kuna uongo ambao mtu anaulipia kwa hiari.

Nisichosamehe ni ile iliyokatishwa msimu wa kwanza.
Mwanamke yuko mlangoni, nyuma yake nyayo,
wakasema basi, hakuna msimu wa pili.
Mwezi wa kumi na nne huu
mkono wake uko kwenye kitasa.

Ninatazama na shangazi Nkwimba.
Ana mtoto wa jicho, yote mawili;
anaona mwanga ukihama, basi.
Maandishi ya chini namsomea mimi,
nakigeuza Kiingereza changu cha kuokoteza kuwa Kisukuma,
na katika kugeuza, nakiri, nakata na kushona.
Mume mlevi namfanya mgonjwa.
Matusi nayapindia ndani kama pindo.
Mtu akifa mapema mno
namsafirisha Shinyanga kwa ndugu zake
na shangazi haulizi mbona harudi.

Juzi ilikuwa ile ya mama na mwanawe
aliyepotelea kwenye theluji. Sehemu ya mwisho.
Wadudu wa ziwa walikuwa wametoka,
wamejaa kwenye kioo cha simu kama maandishi mengine,
nawapangusa, nasoma kati yao.
Wakampata kijana. Chini ya barafu.
Nikasema: shangazi, wamempata, mzima,
amekonda kidogo tu, wanampikia uji.

Kwenye simu yule mama akaanza kulia.

Shangazi akainamisha sikio.
Alisikiliza hadi muziki ukaingia,
hadi majina ya waigizaji yakaanza kupanda.
"Huyo hajapewa mtoto," alisema.
"Huyo amepewa nguo zake."

Sikujibu. Nilipangusa kioo, ingawa kilikuwa safi.
Kwenye sanduku lake, chini ya vitenge,
kuna shati la shule ambalo sijawahi kuombwa kulipunguza
wala kulitia kifungo.

Baadaye akauliza kama kuna nyingine.
Zilibaki megabaiti mia mbili na kitu.
Nikafungua ya wapishi wawili wanaogombea jiko moja,
nikaisoma kama ilivyoandikwa, neno kwa neno,
mlevi akiwa mlevi, tusi likiwa tusi.
Kwenye la kwanza akanyamaza.
Kwenye la pili akacheka, akashika mbavu,
akanipiga goti kwa kiganja:
"Kumbe siku zote hizi wewe unakula nyama,
mimi unanipa mchuzi!"