Spea ya Jicho

Miaka thelathini na minane Makoroboi, chini ya jabali,
nimefungua saa za watu kwa ncha ya kisu,
nikiuliza: unataka spea ya kweli au ya kusogeza siku?
Wengi walisema, yoyote, fundi, mradi izunguke.
Nami niliweka yoyote. Ikazunguka.

Kisha mtoto wa jicho akazaliwa,
akalala juu ya mboni kama utando wa uji.
Skrubu za saa za kike zikawa mchanga,
mchanga ukawa ukungu,
nikawa nafungua saa kwa kupapasa
na kuzifunga kwa kumtaja Mungu.

Hospitalini, kilimani, walinipima urefu wa jicho
kama mimi nipimavyo mkanda kwenye mkono wa mteja.
Milimita ishirini na tatu na ushee.
Kumbe ziwa lote, na visiwa vyake,
lilikuwa likipita kwenye kijumba kifupi kuliko kidole gumba!

Muuguzi Ng'wasi akauliza: "Mbali au karibu?
Lenzi haivutiki. Ukichagua huku, kule utavaa miwani."
Kulikuwa na ile ngumu, ya kushonewa uzi;
na ile inayokunjwa kama chapati, ikajikunjua yenyewe ndani;
na ya tatu, ya mbali na karibu kwa pamoja,
bei yake ng'ombe wawili,
na usiku, alisema, taa huvaa pete.
Niliuza redio mbili nikachukua ya kukunjwa.
"Mbali," nikasema, maana Nyanzobe, mke wangu,
alishasema mlangoni: pikipiki zitakuua.
Sikufikiria zaidi. Yoyote, mradi nione.

Bandeji ilipotoka, ee!
Jabali lina mistari.
Nikasoma jina la kivuko cha Kamanga kikiwa bado katikati ya maji,
nikahesabu mashati kwenye kamba za nyumba za mlimani,
nikamwona kongoti juu ya paa la soko, ana upara kama wangu.
Na bluu. Nilikuwa nimesahau bluu.
Miaka yote hiyo yule mtoto alilitia ziwa chai.

Jumatatu nikarudi mezani.
Saa ya kwanza, nikaiinamia: haipo.
Nikaisogeza: ipo, lakini mkono umeisha.
Nikavaa miwani ya dukani, juu yake kioo changu cha fundi,
vyuma viwili vikigongana usoni,
springi ikaruka.
Niliisikia ikianguka. Sikuiona tena.

Hapo nikawakumbuka watu wa yoyote,
hasa Mwalimu Kwandu na saa yake ya kustaafu,
aliyerudi mara tatu akilalamika inachelewa dakika saba,
nikamwambia, mama, saa imezeeka.
Haikuwa saa.
Na lenzi yangu nayo haikukosea:
ilifanya nilichoiomba.

Jicho la kushoto lilipangiwa wiki ya sita.
Safari hii sikwenda mikono mitupu.
Usiku nilikaa mezani, taa inawaka, saa iko wazi,
Nyanzobe akashika uzi wa nailoni,
ncha moja kwenye nyusi yangu, nyingine kwenye skrubu.
"Hapa?"
"Legeza kidogo. Hapo."
Akapiga fundo, akakata kwa meno.

Daktari Rwegoshora alinitahadharisha:
macho mawili ya kazi mbili hugombana,
wengine hupatana baada ya majuma, wengine kamwe.
Nikamwambia ndoa yangu ilianza hivyo hivyo.
Hakucheka. Aliunyoosha uzi kwenye rula,
sentimita arobaini,
akafuta ishirini na moja na nusu,
akaandika ishirini na tano,
akauliza kama uzi abaki nao.

Nirudishie, nikasema.
Mwalimu Kwandu yu hai, anakaa Kirumba.
Nikipona nitaanza na ile saa.